Mko Wangapi Humo Ndani?

Kwetu Ludara salamu ni kazi ya kukaa chini. Mgeni akifika huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mbuzi, kisha naye hupewa zamu ya kuuliza, na maji ya kunywa huja katikati ya maulizo hayo. Baba mdogo aliijua adabu hiyo kama yeyote aliyezaliwa pale. Lakini kabla hajaianza, angali amesimama mlangoni na kofia mkononi, alikuwa na swali lake: "Mko wangapi humo ndani?" Akishajibiwa ndipo alipoketi na kuanza salamu upya, kana kwamba hakuwa amesema neno. Waliomjua walitaja idadi bila kufikiri. Wasiomjua walidhani ni polisi anayemsaka mtu, na hawakukosea sana, kwa maana alitumikia polisi ya Uganda karibu miaka 30, katika kitengo cha zimamoto.

Alifariki Januari 2024, katikati ya kiangazi. Watoto wake, wajukuu, majirani, hata wazee waliomzidi umri, wote tulimwita Baba mdogo, nami nitamwita hivyohivyo. Kwangu lilikuwa jina la haki: alikuwa mdogo wa baba yangu, na baba alipofariki nikiwa na miaka 7, ndiye aliyenilea.

Ludara ni gombolola katika wilaya ya Koboko, kwenye pembe ya Uganda inayopakana na Kongo, na Sudan Kusini haiko mbali. Sisi ni Wakakwa, na ndugu zetu wamo katika nchi zote tatu, kwa sababu mipaka ile ilichorwa na watu ambao hawakuwahi kuonja maji ya visima vyetu. Mwaka 1894 nchi hii iliwekwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikaitwa Lado. Leopold alikufa Desemba 1909, na mwaka uliofuata ikarudishwa Sudan chini ya Waingereza na Wamisri. Mwaka 1914 kipande chetu kikakabidhiwa Uganda, na ofisi ya serikali ikafunguliwa Arua. Ndani ya miaka 20 mtu aliweza kutawaliwa na dola tatu bila kuhamisha hata jiwe moja la jikoni kwake.

Waingereza waliitazama West Nile, ndilo jimbo letu, kama ghala la nguvu za watu. Vijana walichukuliwa kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, wengine wakaandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, na wengine polisi. Waliorudi walirudi na Kiswahili. Ndiyo maana kwetu lugha hii haina ugeni: ilikuja na mshahara wa babu, ikakaa sokoni na katika vijiji vya Wanubi, ikawa lugha ya kuzungumza na mtu yeyote asiyejua Kikakwa.

Pamoja na Kiswahili, wale wakata miwa walirudi na hofu moja. Wakati wa ukoloni, kuanzia Nairobi mpaka Kampala, watu walisadiki kwamba wazimamoto ni wanyonya damu: kwamba gari lao jekundu linapita usiku kukamata watu, na damu yao inatiwa kwenye chupa kwa ajili ya wazungu. Wanahistoria wameandika mengi juu ya uvumi huo, na wengine wanaona ndani yake hasira ya watu waliohisi kwamba ukoloni unawakamua kweli. Bibi yetu hakuwa na haja ya wanahistoria. Hakuwahi kuiona Kampala, ila aliambiwa na waliotoka huko. Kwa hiyo, mwanawe alipomletea habari kwamba amewekwa zimamoto, alikaa kimya siku nzima, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama atalazimishwa, au kama kuna wenzake wanaofanya kazi hiyo.

Lakini kabla ya hapo kuna mwaka 1980, na habari zake sikuzipata kwa Baba mdogo mwenyewe. Nilizipata kwa shangazi.

Idi Amin aliangushwa Aprili 1979, na ilipofika Juni majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa pamoja nao yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Amin aliihesabu Koboko kuwa kwao, kwa hiyo kila Mkakwa alihesabiwa kuwa mtu wake, hata mkulima wa mihogo ambaye hakuwahi kumwona Amin isipokuwa kwenye noti. Oktoba 1980 askari wa jeshi la zamani waliokuwa wamekimbia walivuka mpaka, wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali liliporudi, halikuchagua nani ni askari na nani ni mwenye shamba. Nyumba zilichomwa kijiji baada ya kijiji. Mamia ya maelfu ya watu wa West Nile wakakimbilia Zaire na Sudan.

Familia yetu iliondoka usiku kuelekea Ingbokolo, upande wa Kongo. Bibi alikuwa na watoto 9, wake na wa marehemu dada yake. Mama yake alikuwa amemkataza tangu ujana kuhesabu watoto kwa kidole kama mbuzi, basi kila walipovuka kijito aliwagusa vichwa gizani, mmoja mmoja. Kwenye kijito cha pili aligusa vichwa 8. Baba mdogo, aliyekuwa na miaka 14, alikuwa ameambiwa amshike mkono mdogo wake wa kike, wa miaka 4. Mkono ule aliuachia wapi, hakujua. Bibi aliweka mzigo chini, akawaambia wakae, akarudi peke yake kule ambako anga lilikuwa jekundu kwa nyasi za mapaa yaliyokuwa yakiungua. Alirudi alfajiri na mtoto mgongoni. Alikuwa amemkuta amelala chini ya kichaka, usingizi mzito kabisa.

Mtoto huyo ndiye shangazi yangu. Leo anauza samaki wakavu sokoni Koboko, na kila anapoisimulia habari hii huishia kucheka, kwamba yeye ndiye peke yake aliyelala vizuri usiku ule.

Nilipokuwa kijana nilimuuliza Baba mdogo kama ni kwa sababu ya moto ule ndipo alipochagua kazi ya kuzima moto. Nilikuwa nimeshaipanga hadithi yake kichwani, na ilinipendeza. Akasema, "Walitaka dereva." Lori alijifunza kuendesha akiwa ukimbizini, kwa mfanyabiashara aliyesafirisha maharage na kahawa. Polisi walipouliza nani katika makuruta anaweza kuendesha gari kubwa, aliinua mkono. Hakuongeza neno, na nimejifunza kutomwongezea.

Shule ya moto aliianzia barabarani Arua. Watu walipoanza kurudi kutoka ukimbizini katikati ya miaka ya 1980, kazi hakuna, vijana wengi waliingia katika biashara ya mafuta ya magendo kutoka Kongo. Yaliletwa kwa madumu, kwa baiskeli, kwa njia za porini, yakauzwa kando ya barabara kwenye chupa na mitungi. Vijana hao waliitwa Opec Boys, jina walilojichukulia kutoka umoja wa nchi zinazouza mafuta, na kwa miaka mingi Arua ilijaza magari yake kwao. Baba mdogo alikuwa mmoja wao karibu miaka 3. Kovu lililokuwa kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo, lilitoka huko. Mwenzake aliwasha mshumaa hatua kadhaa kutoka kwenye dumu lililokuwa wazi. Aliona moto ukija sakafuni, alisema, kabla haujapanda. Baadaye kwenye mafunzo aliambiwa sababu yake: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na cheche. "Mimi nilikuwa nimeshausoma huo ukurasa," alikuwa akisema, akionyesha mkono.

Aliingia polisi mwaka 1990, akapelekwa Kampala. Nchini Uganda zimamoto ni sehemu ya jeshi la polisi, kwa hiyo alipiga gwaride kama askari wengine, kwa amri za Kiswahili, ndipo akafundishwa mpira wa maji, ngazi na pampu. Kiswahili hicho kilimpa taabu asiyoitarajia. Kwetu ni lugha ya sokoni. Kampala, katika masikio ya wengi, kilikuwa bado lugha ya mwenye bunduki, ya vizuizi vya barabarani na usiku wa kuporwa. Katika miaka yake ya mwanzo aliwahi kuingia kwenye nyumba yenye moshi akipiga kelele, "Tokeni! Huku! Njooni huku!" na waliokuwamo, waliposikia mwanamume mwenye buti anafoka kwa Kiswahili, wakajificha chini ya kitanda. Waliokolewa, lakini kwa shida. Tangu siku ile alianza kujifunza Kiganda, na maneno yake ya kwanza hayakuwa ya salamu. Yalikuwa ni mlango, dirisha, lala chini, mko wangapi.

Kwa mzimamoto swali hilo ndilo linaloamua mengine yote. Likijibiwa "hakuna mtu", unapigana na moto ukiwa nje na unailinda nyumba ya jirani. Likijibiwa "wawili", unajua lini uingie na, jambo gumu zaidi, lini umemaliza. Wasipojua ni wangapi, utarudi ndani tena na tena kumtafuta mtu ambaye pengine yuko kwa shangazi yake Entebbe.

Alikuwapo soko la Owino lilipoungua Februari 2009, vibanda vya mbao vimebanana, bidhaa za maelfu ya wachuuzi ndani yake, na gari la maji halina njia ya kupita. Alikuwapo pia Kasubi usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Pale palikuwa makaburi ya makabaka wanne wa Buganda, katika nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Watu walikuwa na uchungu na shaka, wengine waliwarushia mawe waliokuja kuzima. Jiwe moja lilimpata begani. Hakuwahi kuwalaumu. Alisema mtu anayeona kaburi la mfalme wake linaungua hana macho ya kutofautisha sare na sare.

Kilichomkaa moyoni ni nyasi. Yeye ni mtoto wa nyumba ya nyasi. Alijua kwamba paa la namna hiyo hupangwa safu juu ya safu ili mvua iteleze isipenye. Ukilimwagia maji kutoka nje, linafanya kazi iliyokusudiwa na fundi: linayakataa. Moto uko chini ya safu hizo, mkavu, unakula kutokea ndani. Njia ni kulipasua na kulivuta chini, na nani angethubutu kupasua paa lile? "Tulikwenda kumwagia maji nyumba iliyofundishwa kukataa maji," aliniambia. Nyumba ilijengwa upya, na mwaka 2023 iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nilimpigia simu kumpa habari hizo. Aliuliza kama safari hii wameweka vifaa vya kuzimia moto. Nilipomwambia vimewekwa, alishukuru kama aliyeletewa habari za mgonjwa aliyepona.

Ila moto uliombadilisha hakuuzima yeye. Usiku wa tarehe 14 Aprili 2008 bweni la wasichana la shule ya msingi ya Budo Junior, magharibi ya Kampala, liliungua. Walikufa karibu watu 20, wengi wao watoto wadogo, na habari za siku zile zilisema milango ilikuwa imefungwa. Hakuwa zamu. Lakini baadaye alikuwa miongoni mwa waliotumwa kukagua mabweni ya shule, na kila mahali alikuta jambo lilelile: nondo madirishani na kufuli kubwa mlangoni, kwa sababu ya wezi. Walimu wakuu walimwonyesha mitungi ya kuzimia moto, imepangwa vizuri ukutani. Yeye aliuliza: usiku, ufunguo unalala na nani? Na huyo analala wapi? Na akisafiri?

Siku hizo tulikaa katika kambi ya polisi ya Nsambya, watoto 11 katika vyumba viwili: wake 6, wa marehemu kaka yake 3, na wawili wa upande wa mkewe, mama mdogo. Tangu Budo alianza kutuhesabu usiku. Bibi, aliyekuwa amekuja kutibiwa macho, alikasirika: watoto hawahesabiwi. Hawakubishana. Baba mdogo aliamuru tu kwamba kila mtu avue kandambili zake mlangoni kabla ya kulala, jozi pamoja, ncha zikitazama nje. Akirudi saa nane za usiku aliinama na tochi, akazihesabu kandambili, na bibi hakuwa na la kusema, maana viatu kuvihesabu si mwiko.

Nilikuwa nikiamka mara nyingine. Hakuingia ndani na nguo za kazi. Alizivua nyuma ya nyumba, akaoga maji baridi, kwa sababu binti yake wa mwisho alikuwa akilia akisikia harufu ya moshi. Kisha alikuja kugusa sigiri. Sigiri ya makaa kulala ndani ilikuwa kosa ambalo hata mama mdogo hakusamehewa, hata msimu wa baridi, kwa sababu hewa yake haina harufu na huua waliolala bila kuwaamsha. Akihakikisha iko nje, alikaa kwenye kizingiti akapiga pasi sare zetu za shule. Sijui wanaume wangapi wa kambi ile walipiga pasi sare 11 saa tisa za usiku. Namjua mmoja.

Aliomba kustaafu mwaka 2019, akarudi Ludara. Barabara kutoka Arua kupitia Koboko hadi Oraba ilikuwa tayari ina lami, na watu walimwuliza kwa furaha kama sasa gari la zimamoto litaweza kufika. Aliwapigia hesabu. Kutoka Arua mpaka Koboko ni zaidi ya kilomita 50, kisha kuna njia za udongo. Nyumba ya nyasi wakati wa kiangazi huisha kabla chai haijachemka. "Hilo gari litakuja kuzima majivu," alisema. "Zimamoto wa Ludara ni jembe."

Akaanza na boma lake. Alifyeka mzunguko mpana kulizunguka, akakwangua mpaka udongo mtupu, ili moto wa vijana wanaochoma nyasi kuwinda panya usikute cha kupita. Akahamisha jiko hadi upande ambako upepo wa kiangazi hautupi cheche kwenye mapaa. Akajaza mchanga katika pipa. Kisha akaenda boma kwa boma, msikitini baada ya Ijumaa, kanisani baada ya ibada. Kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, ambako kuni huwaka usiku kucha chini ya majani makavu, aliwaomba wakulima wapeane zamu asilale mtu peke yake. Wauza petroli wa chupa aliwataka wasiwe jirani na mama anayekaanga mandazi, na hapo aliwakunjulia mkono wa shati waone kovu. Wengi walimsikiliza. Wachache walisema mzee ameiletea Ludara mambo ya Kampala.

Watoto walimpenda bila masharti, kwa sababu mafunzo yake yalikuwa mchezo. Aliwafunga vitambaa machoni, akapiga kelele "Moshi!", wakalala kifudifudi na kutambaa kuutafuta mlango kwa kupapasa ukuta. Aliwaeleza kwamba moshi huua kabla ya moto, na hewa ya mwisho iko chini, karibu na sakafu. Oktoba 2022 redio ilitangaza kwamba bweni la shule ya wasioona ya Salaama, wilaya ya Mukono, limeungua usiku na watoto 11 wamekufa. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini, akavaa kofia, akaenda shule ya msingi iliyo karibu kwa miguu, akaomba aonyeshwe ufunguo.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka huohuo. Ndio mwaka ambao taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Nilimsomea habari hiyo kutoka kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema vijana walioko kazini waambiwe waoge kabla ya kukumbatia watoto wao.

Tulimzika upande wa mashariki wa boma, ndani ya ule mzunguko aliofyeka. Watu walitoka Koboko, Arua, Ingbokolo. Wazee wa zimamoto wawili walisafiri usiku kutoka Kampala. Usiku ule nyumba ilijaa. Tulilala sakafuni, kwenye mikeka, watoto wamepangwa kama mihogo kwenye gunia, na mlangoni palikuwa na kandambili zimejipanga jozi jozi, ncha nje, ingawa hakuna aliyetoa amri.

Saa nane hivi nikasikia mama mdogo anaamka. Alichukua tochi, akagusa sigiri nje, akainama mlangoni. Nilimsikia akihesabu kwa mnong'ono. Alipomaliza alihesabu tena. Waliolala ndani tulikuwa 30, naye alikuwa amepata jozi 31. Alisimama kidogo. Kisha akaziokota zile za ziada, pana, zilizolika kisigino cha kulia, akazipangusa vumbi kwa kanga, akaingia nazo ndani.